Mmea Uliopoteza Jina

Iva wa Majimoto hakuwa mtu wa kupigiwa tarumbeta. Hakuokoa kijiji, hakuota ndoto za kubadilisha dunia, wala hakumuua simba wa milimani kwa teke moja kama wajomba fulani ambao kwa unyenyekevu wangu sitawataja. Alifua nguo za wake wa wenye mashamba. Alisuka vikapu vya matawi ya mto. Alitwanga maganda ya mti wa miiba mpaka yakawa unga mtamu wa mikate, na alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja, maana jino moja la mbele lilikuwa limekatika kwa kuchania matawi ya vikapu. Basi, maisha yake ndiyo hayo.

Lakini Iva huyo aliwahi kufungwa, tena bila kamba, bila askari, bila mlango wenye kitasa. Alifungwa na mmea. Mniache nimalize kabla hamjaanza kuguna.

Mmea wenyewe kila Mpaiute, mwenyeji wa jangwa la Nevada, anaujua, hata yule aliyelelewa kwa maziwa ya kopo. Chini una majani machache yamelala mchangani kama sahani, halafu bua moja jembamba la kijani-kijivu linapanda juu peke yake, na linapokaribia kugawanyika matawi, linavimba. Linavimba kama koo la mwanamume aliyemeza tonge la moto mbele ya wakwe na hataki kukohoa. Juu ya uvimbe huo kuna vijitawi kama nywele, na vijiua vya njano vidogo kama mayai ya chawa. Ndani ya uvimbe ni hewa tupu. Wazee walipouona hawakusumbuka sana kutafuta jina. Waliuita Kikoromeo.

Bua likiwa changa linatafunwa, lina uchachu wa kuamsha mate. Mbegu zake zinakaangwa na kusagwa. Likikauka, likatwe huku na huku, ni mrija wa kunyonya maji yaliyojificha kwenye ufa wa mwamba, mahali ambapo kikombe hakiingii. Na kubwa kuliko yote, ni kiko. Pale palipovimba unatia tumbaku ya porini, pale pembamba unaweka mdomoni, unavuta. Mimi nimevuta viko vya mfinyanzi, vya mawe, hata kimoja cha Mzungu chenye sura ya mbwa. Hakuna hata kimoja kinachopoza moshi kama bua lile. Ila kabla hujakata unalitikisa karibu na sikio. Likilia chakachaka, liache. Ndani kuna mwana wa nyigu, mama yake ametoboa tundu, amemweka na chakula chake, na mlango ameuziba kwa vijiwe. Huyo anangoja siku yake.

Sasa, Iva aliolewa na mwanamume ambaye naye aliitwa Kikoromeo. Hakuitwa hivyo na mama yake, aliitwa na watu. Shingo yake ilikuwa ndefu, na katikati yake palikuwa na kitu kama yai la bata, kikipanda na kushuka kila alipomeza mate. Katika mchezo wa mifupa, ule wa kuficha mfupa mweupe mkono mmoja na mweusi mkono wa pili, wapinzani hawakumtazama mikono wala macho, walitazama yai lile. Likipanda walisema kulia, likishuka walisema kushoto. Naye akajifunza kumeza mate kwa uongo. Aliwavua watu mablanketi mpaka wengine wakawa wanataka acheze na kitambaa shingoni.

Iva alimpenda kwa kicheko chake. Mume huyo akafa kwa kuangushwa na farasi, mchana kweupe, mwaka uliofuata ile homa kubwa iliyotumaliza.

Mimi jina lake nalitaja hapa kwa sababu Kilio chake kilishaimbwa, na tena karatasi haina masikio. Lakini kwetu, mtu akifa, jina lake linafungwa mpaka waimbaji waje, wakeshe naye kwa nyimbo, wamsindikize. Hicho ndicho Kilio. Ukilitaja jina kabla ya hapo unamgeuza marehemu njiani, anarudi kuuliza nani kaniita. Na jina la marehemu likiwa ni jina la kitu, kitu hicho nacho kinanyang'anywa jina.

Kwa hiyo Kikoromeo alipozikwa, mmea nao ukawa bubu. Pale Majimoto watu wakaanza kuuita "koo." Ng'ambo ya korongo kubwa, Majibaridi, ambako ndiko walikoishi waimbaji, wao wakauita "mrija." Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Kila upande ulidhani upande wa pili una akili kama zake.

Iva akabaki mikononi mwa wifi yake, Tilda, dada mkubwa wa marehemu.

Tilda huyu alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kusimamisha punda. Mume hakuwa naye, watoto homa ilimchukulia wote, na mila alizijua kama alizitunga yeye. Siku ya maziko alimkata Iva nywele mpaka kichwani kukabaki kama shamba lililovunwa. Akamsomea masharti. Nyama, hapana. Chumvi, hapana. Kuimba, hata kwa kunong'ona, hapana. Kujikuna kwa kucha, hapana, kuna kijiti. Kuondoka nyumbani kwa marehemu, hapana kabisa.

"Mpaka lini, wifi?" Iva aliuliza.

"Mpaka Kilio."

"Na Kilio lini?"

"Koo zikivimba."

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Katika ukoo wa Tilda, mwimbaji mkuu haanzi kuimba kabla hajavuta tumbaku kwa bua la majira yaleyale, bua lililovimba sawasawa, ili sauti ipite pale. Mama yake Tilda aliimbiwa hivyo, bibi yake vilevile. Bua la mwaka jana halifai. Na mmea ule una kiburi chake: mvua ikinyesha vizuri wakati wa baridi, unavimba, mvua ikikosa, unatoa bua jembamba kama sindano ya kushonea magunia, unachanua hivyohivyo kwa aibu, unakufa.

Mvua ikakosa.

Masika ya kwanza Iva alipanda kilimani nyuma ya nyumba, akapita mmea mmoja baada ya mwingine akiinama na kugusa. Sindano tupu. Akarudi, akala uji usio na chumvi, akalala upande wa ukutani. Tilda alilala upande wa mlangoni, kama gogo lililoegeshwa. Nywele za Iva zilipofika masikioni, Tilda alichukua mkasi wa kunyolea kondoo.

"Kaa chini."

"Si zimeota kidogo tu, wifi?"

"Ndiyo maana nazikata. Zikiota sana utajiona mtu."

Masika ya pili Iva alipata bua moja lililojaribu. Lilikuwa na kivimbe, kidogo, lakini kivimbe. Akakimbia nalo mpaka chini akihema. Tilda akalishika, akaligeuza, akaliweka sambamba na kidole gumba chake.

"Hiki ni kidole cha mtoto. Si koo."

"Inaingia tumbaku!"

"Hata sikio langu linaingia tumbaku. Unataka mdogo wangu asindikizwe kwa kidole cha mtoto?"

Iva alikitia kile kijibua mfukoni mwa aproni, na kila alipofua nguo za watu alikigusa kwa mkono wenye povu.

Msidhani Tilda alikuwa mbaya. Ningependa awe mbaya, hadithi ingekuwa rahisi. Wakati wa jioni alimwita Iva amtoe miiba miguuni, maana macho yake yalikuwa yanafifia, na Iva alipomtoa mwiba Tilda alikuwa akimshika bega kwa nguvu kuliko mwiba ulivyouma. "Wewe ukienda nani ataniona miiba?" aliwahi kusema, halafu akajifanya amepiga chafya. Iva alisikia. Tangu siku hiyo ukuta ule aliokuwa akilalia ulizidi kumbana, kwa sababu mtu anayekufunga kwa chuki unaweza kumtukana moyoni, lakini huyu utamtukana vipi?

Tena alikuwapo mwanamume. Mnangoja mwanamume, nawajua.

Aliitwa Orson, wa Majibaridi, mpigilia farasi kwato za chuma, mjane kama Iva ila yeye marehemu wake alishaimbiwa. Alikuwa na masikio makubwa na maneno machache. Kila majira yalipogeuka alivuka korongo kwa mkokoteni wake, akisingizia farasi wa Tilda anahitaji kwato. Farasi yule alipigwa kwato mpaka akawa anaona aibu kutembea.

"Hujambo, mama Tilda."

"Farasi hajambo," Tilda alimjibu. "Kwato zake zipo. Nenda."

"Nimeleta sungura wawili."

"Huyu hali nyama."

"Nimeleta na njugu za misonobari."

"Weka hapo. Usimtazame."

"Simtazami."

"Masikio yako yanamtazama!"

Iva alijifunika mdomo kwa kiganja. Orson akaondoka akiwa amefurahi kama aliyelishwa. Lakini mara ya mwisho, alipokuwa anakaza mikanda ya farasi, alimwambia Iva bila kugeuka, "Ndugu yangu wa kaskazini ananiita nikafanye naye kazi ya reli. Nimemwambia nitakwenda baada ya masika yajayo." Akakaza mkanda wa mwisho. "Au nisiende. Nitajua baada ya masika."

Baridi iliyofuata mvua ilinyesha kama iliyokuwa inadaiwa. Milima ilipata theluji mpaka magotini. Masika yalipofika Iva hakuhitaji hata kupanda kilima; alifungua mlango, akaruka mwili wa wifi yake aliyekuwa bado amelala, akatazama juu. Kilima kizima kilikuwa na ukungu wa njano. Akapanda mbio. Mabua yalikuwa yamevimba kama shingo za vyura, mengine yakiwa na vivimbe viwili viwili, kama yaliyokula ya majirani. Alichuma moja, akalitikisa sikioni. Kimya. Safi. Hakuna mpangaji.

Tilda alilishika muda mrefu. Alilipima kwa gumba, akalipima kwa gumba la pili. Alilipuliza. Alitafuta kasoro kama anayetafuta chawa kwenye kichwa cha upara.

"Sawa," alisema mwishowe, na sauti yake ya kusimamisha punda haikuweza kusimamisha hata nzi. "Waite."

Siku zile habari zilipelekwa ng'ambo na mpeleka barua, Mzungu mmoja mwekundu kama nyanya, aliyejua Kipaiute cha kuombea kahawa tu. Iva alimsimamisha njiani, akamfundisha maneno, akamrudisharudisha mpaka akashika. "Mwambie Mzee Parley, mwimbaji mkuu: Majimoto koo zimevimba. Njooni upesi."

"Koo zimevimba, njooni upesi," alirudia Mzungu, akagonga kofia yake, akaenda.

Naye, tumpe haki yake, aliufikisha ujumbe neno kwa neno.

Sasa nyie hebu kaeni Majibaridi kidogo. Homa kubwa bado haijasahaulika, kila nyumba ina pengo. Mmea wenyewe nyie mnauita mrija. Anakuja mtu jasho linamtoka anawaambia, koo zimevimba Majimoto, njooni upesi. Mngefunga mizigo ya kwenda kuimba?

Mzee Parley alikaa chini akashika kichwa. Wanawake wakaanza kulia. Wengine wakasema njia ifungwe kwa magogo. Ni Orson aliyesema, tena kwa maneno mengi kuliko aliyowahi kutumia, kwamba hata kama hawavuki, watu hawaachwi wafe na njaa, yeye ana mkokoteni, atapeleka chakula mpaka ukingo wa korongo. Mzee Parley akaona haya, akapanda naye. Waimbaji wengine nao wakapanda.

Iva na Tilda waliposikia magurudumu ng'ambo walishuka hadi korongoni. Korongo lile miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu, unalivuka ukiwa unachokonoa meno. Lakini mvua ileile iliyovimbisha mabua ilikuwa imeyeyusha theluji, na maji yalikuwa yanapita mekundu, mazito, yanabingirisha magogo, yananguruma hata ukijisemea mwenyewe hujisikii.

"Wamekuja wote!" Iva aliruka. Halafu akakaza macho. "Wifi, mbona wamejifunga vitambaa midomoni kama majambazi?"

"Vumbi."

"Vumbi gani na mvua hii?"

Ng'ambo, Mzee Parley alisimama juu ya mkokoteni, akaweka viganja mdomoni juu ya kitambaa. Maji yalikula maneno, yakarusha vipande tu.

"Msivukeee! Kaeni hukohuko! Wangapi wamekufaaa?"

Iva alishangaa swali lile, lakini akajibu kwa adabu. "Mmojaaa! Yuleyuleee!"

Wale wakatazamana. "Na koo? Zimevimba kweliii?"

"Vizuri kabisaaa!"

"Za naniii?"

Iva alidhani wanauliza mavuno. Akafungua mikono yote miwili. "Kilima kizimaaa!"

Kilio kikaanza hapohapo ng'ambo, lakini si kile alichokuwa anakingojea. Mwanamke mmoja alijitupa chini mchangani. Orson peke yake aliruka kutoka mkokotenini, akaja mpaka maji yakamgusa viatu, akasimama anamtazama Iva kama mtu anayetazama nyumba yake inaungua.

"Wanafikiri tunaumwa," alisema Tilda polepole. "We Iva. Wanafikiri ni ugonjwa."

"Mungu wangu." Iva alilichomoa bua kutoka aproni, akaliinua juu. Kwa umbali ule lilikuwa kama unywele. Akalionyesha kwa kidole, halafu akagusa koo lake kuonyesha uvimbe, akagusa tena, akachezesha mkono kupanda na kushuka.

"Anakabwa!" sauti ya Mzee Parley ililia. "Maskini, anakabwa mbele ya macho yetu!"

"Acha kujishika shingo, mjinga wewe!" Tilda alimpiga mkono. "Sema ni cha kuvuta!"

"Cha kuvutaaa! Ni cha kuvutaaa!"

"Anasema nini?" waliulizana ng'ambo.

"Anasema hawezi kuvuta pumzi!"

"Urudisheni mkokoteni! Shusheni chakula hapo, twendeni!"

Magunia yakatupwa ukingoni. Farasi wakageuzwa. Iva alipayuka kila alichoweza, bua, tumbaku, kiko, na kila neno maji yalilishika mguu yakalibingirisha na magogo. Alitazama mkokoteni ukigeuka na akaona yote yatakayofuata: mabua yale yatakauka kabla mtu wa Majibaridi hajathubutu tena kuvuka, Orson atakwenda reli na kumsahau, mvua itakosa, mkasi wa kondoo, uji, ukuta. Alihisi ukuta mgongoni hata pale alipokuwa amesimama peupe, juu yake mbingu yote, mbele yake jangwa lisilo na uzio wowote.

Neno moja tu ndilo pande zote mbili zilikuwa zinalijua. Lilikuwa refu, lenye mgongo, neno la kupigia kelele. Alikuwa amelimeza kila siku tangu maziko. Usiku alilala nalo chini ya ulimi. Na alijua bei yake: anayelitaja jina kabla ya Kilio anaanza maombolezo upya, yeye peke yake, nywele, chumvi na yote, mpaka koo zivimbe tena na mwimbaji ampulizie moshi. Kwa hiyo akilitaja, marehemu atapata Kilio chake, na yeye atabaki ndani. Asipolitaja, wote wawili watabaki.

Tilda alimwona anavuta pumzi. "Iva, usi—"

"KIKOROMEOOO!"

Naapa maji yalinyamaza. Wanaobisha hawakuwapo. Farasi walisimama. Neno lilipiga genge la ng'ambo likarudi, kikoromeo, romeo, meo, likapita juu ya vichwa vyao likielekea kilimani, na wote, ng'ambo na huku, waliinamisha vichwa kama waliopitiwa na ndege mkubwa.

Kisha Mzee Parley akavua kitambaa mdomoni. Ukamwona kabisa mzee wa watu maana inamwingia, kidogo kidogo, kama maji kwenye gunia. Kikoromeo. Koo. Mrija. Zimevimba.

"Aaaa!" alisema. Akajipiga paji la uso. Halafu uso ukamgeuka, maana yeye pia alizijua mila. Akapiga kelele kwa ukali: "Nani kalitajaaa?"

Iva alianza kunyanyua mkono. Alikuwa amekwishaukubali. Mkono ulikuwa unakwenda juu.

Mkono mnene ulimshika kwenye kifundo, ukamshusha.

"Mimiii!" ikatoka ile sauti ya kusimamisha punda, na safari hii maji hayakuigusa. "Mimi dada yakeee! Juu ya kichwa changu mimiii!"

"Wifi, wewe—"

"Nyamaza."

"Lakini ni mimi nili—"

"Nimesema nyamaza! Umeshindwa kunyamaza mara moja, sasa ushindwe mara mbili?" Tilda hakumtazama. Alikuwa amefungua kitambaa chake kichwani, na nywele zake, ambazo Iva hakuwahi kuziona zote, zilimshuka mpaka kiunoni, nyeupe nusu. "Mimi niende wapi? Nani ananiita reli? Nani ananiletea sungura? Mimi na chumvi tumeshazoeana, tunaweza kuachana kidogo."

Ng'ambo, Orson alikuwa bado amesimama majini. Mtu mwenye masikio yale hawezi kukosea sauti ya mwanamke aliyemfuata kwa majira yote hayo kwa kisingizio cha kwato. Alimtazama Iva, akamtazama Tilda. Akafunga mdomo wake, ambao kwa kawaida ulikuwa umefungwa, akaufunga zaidi.

Maji yalishuka, waimbaji wakavuka, na Mzee Parley akavuta tumbaku kwa bua la kilimani pale, lile Iva alilolichuma kwa mkono wake. Nyimbo siwaelezi, zile si za kuandikwa. Ninachoweza kusema ni kwamba kulipopambazuka walimwosha Iva uso, wakampa kipande cha nyama ya sungura kilichopakwa chumvi, na alipokuwa akikitia mdomoni alimwona Tilda amekaa kwenye jiwe, mbele ya mtu mwenye mkasi wa kondoo, nywele nyeupe nusu zikianguka mapajani. Alitafuna. Watu walimwuliza kama ni tamu, akasema tamu. Ilikuwa chungu, aliniambia mwenyewe, chungu kama sabuni.

Akaenda Majibaridi na Orson. Reli ikakosa mtu. Akaanza kuimba tena wakati wa kufua, na nywele zikaota mpaka mabegani, na akawa anajiona mtu.

Masika yaliyofuata, Orson alifunga farasi asubuhi moja bila kuulizwa, wakavuka korongo likiwa mchanga mtupu. Mvua ilikuwa haba, haikuwa imekosa kabisa. Iva hakuingia ndani kwanza. Alipanda kilimani, akainama mmea hadi mmea, mpaka akapata bua moja lililojaribu, lenye kivimbe. Akashuka nalo akihema.

Tilda alikuwa amekaa mlangoni, kichwa kama shamba lililovunwa, macho yamefifia zaidi. Mbele yake uji.

"Nani huyo? Umekuja kuniona mimi au kuona majani?"

"Wifi, tazama. Limevimba."

Tilda alilichukua. Alilipapasa. Aliliweka sambamba na kidole gumba, kwa kugusa tu, akakaa hivyo.

"Hiki ni kidole cha mtoto," alisema.

"Kinatosha! Parley anakubali, nimeshazungumza naye, anasema hata kidogo—"

"Parley anajua kuimba. Kupima hajui."

"Wifi, tafadhali. Inaingia tumbaku."

"Hata sikio langu linaingia tumbaku." Tilda alicheka peke yake, akalitikisa lile bua karibu na sikio kwa mazoea, akasikiliza. Kisha akapapasa hewani kutafuta mkono wa Iva, akamrudishia. "Lirudishe kilimani. Halafu njoo unitoe mwiba, huu hapa, wa kisigino. Umenisumbua tangu majira ya baridi."

Iva alikaa chini mchangani, akauchukua mguu ule mzito akauweka pajani. Chumvi aliyokuja nayo ilikuwa kwenye kifuko mkokotenini, hakuitoa. Orson alikuwa uani, ameshainua mguu wa farasi ambaye kwato zake zilikuwepo.